Fundi asiyekishika chombo chake

Mhandisi bingwa wa mifumo ya vyombo vya angani hulipwa kukarabati kitu ambacho hatakigusa tena.

Voyager 1, mojawapo ya vyombo hivyo, ilirushwa Septemba 1977. Novemba 2023, ikiwa umbali wa kilomita bilioni 24 hivi, ilianza kutuma data zisizosomeka. Wahandisi wa NASA huko California waligundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu imekufa, pamoja na kipande cha programu kilichokuwa humo. Bisibisi haifiki huko. Basi wakaigawa programu ile vipande vipande, wakavitafutia nafasi kwingine katika kumbukumbu, kisha wakarekebisha kila amri iliyokuwa ikielekeza mahali pa zamani.

Hapo ndipo ubingwa unapotofautiana na ufundi wa kawaida. Mhandisi kijana hukijua kifaa chake, na si haba. Mkongwe anatakiwa kujua kifaa hicho kikiguswa, umeme, antena na joto vitaitikiaje. Tena wengi waliosanifu Voyager walikwishastaafu au kufariki, kwa hiyo warithi wao walilazimika kupekua nyaraka zilizoandikwa miongo kadhaa iliyopita, kazi inayomfaa zaidi mwanahistoria.

Marekebisho ya kwanza yalitumwa 18 Aprili 2024. Ishara ilichukua zaidi ya saa 22 kufika, na jibu likachukua muda kama huo kurudi. Tarehe 20, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, taarifa za hali ya chombo zikasomeka.