Gari la Kukodi Ugenini: Amana Inaishia Wapi?

Chini ya Jebel Akhdar, karibu na mji wa Birkat al-Mouz nchini Oman, kila gari linalotaka kupanda mlima husimamishwa na polisi. Askari haulizi abiria wanakwenda kwa nani. Analitazama gari, na kama halivuti kwa magurudumu yote manne, linageuzwa. Barabara ya kupanda ni ya lami, pana na safi, kiasi kwamba mgeni hashiki mara moja kwa nini anakatazwa. Hatari iko kwenye kushuka. Uwanda wa Saiq uko juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mteremko wake ni mrefu na mkali. Dereva asiyetumia gia nzito hukanyaga breki mfululizo mpaka zinapata moto na kukataa kushika, huku kona bado ziko mbele yake.

Mikataba ya kampuni zinazokodisha magari mjini Muscat kwa kawaida hugusa jambo hilohilo. Gari dogo lisiondoke kwenye lami, lisiingizwe kwenye wadi, yaani mabonde ya mito ambayo hukauka karibu mwaka mzima, na lisivuke mpaka bila kibali. Hata Musandam, ambayo ni ardhi ya Oman, haifikiki kwa barabara mpaka upite Falme za Kiarabu, kwa hiyo nayo inadai karatasi zake. Mgeni hutia sahihi, kampuni huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi yake ya benki, kisha hukabidhiwa ufunguo. Tangu hapo mwenye gari hayupo tena. Mbele kuna kilomita 160 hivi za kwenda Nizwa, au 1,000 za kwenda Salalah, na mtu amekaa peke yake na mali ya mwenzake ambayo ameilipia lakini si yake.

Amelipia nini hasa?

Swali hili lilikuwapo karne nyingi kabla ya injini. Mishnah, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika mnamo mwaka 200, una kesi ya mtu aliyekodi punda ampitishe mlimani, kisha akampitisha bondeni, au kinyume chake, na punda akadhurika. Marabi hawakutosheka kusema kwamba mkosaji alipe. Walitaka kujua punda amedhurikaje. Kama alikodiwa kwa njia ya mlimani akapelekwa bondeni, na huko akateleza, mkodi hana deni, kwa sababu mlimani ndiko kwenye hatari kubwa ya kuteleza. Lakini kama amedhurika kwa joto, mkodi analipa, kwa sababu joto ni la bondeni. Aliyeacha bonde akapanda mlima, hukumu yake inageuka. Karibu miaka 1,800 baadaye, askari wa Birkat al-Mouz anafuata hoja hiyohiyo: kila njia ina madhara yake, na aliyekabidhi chombo chake alikikabidhi kwa njia fulani, si kwa njia yoyote.

Warumi walikuwa wakali zaidi. Valerius Maximus, mwandishi wa karne ya kwanza, anataja mtu aliyeazima farasi afike naye Aricia, akampeleka hadi ng'ambo ya kilima cha mji huo. Alihukumiwa kwa wizi. Nao mafaqihi, yaani wanasheria wa Kiislamu, wa madhehebu ya Kihanafi wana mfano unaojulikana sana, uliomo katika Hidaya ya al-Marghinani, aliyefariki mwaka 1197. Mtu amekodi mnyama wa kumfikisha Hira, akaipita akaenda hadi Qadisiyya, kisha akarudi Hira, na mnyama akafa hapo Hira penyewe, mahali aliporuhusiwa kuwapo. Hukumu ni kwamba analipa. Kurudi ndani ya mpaka hakukumrudishia uaminifu alioupoteza alipouvuka. Hukumu hiyo inastahili kutafakariwa na kila anayepitisha gari dogo kwenye kokoto za Wadi Bani Awf, akalirudisha Muscat limeoshwa linang'aa, na kujiambia kwamba hakuna lililoharibika.

Lakini mafaqihi hawakumkandamiza mkodi. Hapa ndipo elimu yao inapopendeza, na ndipo mikataba ya leo inapowapa watu haki ya kulalamika. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyeazima kitu bure hubeba dhamana yake, kwa hiyo kikiharibika nje ya matumizi yaliyoruhusiwa hulipa hata kama hakuzembea. Aliyekodi yuko tofauti. Kitu kiko mkononi mwake kwa amana, na halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Biblia nayo, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, inatenganisha vivyo hivyo kati ya mnyama aliyeazimwa na aliyekodiwa. Mwazimaji anachukua faida yote peke yake, basi hatari nayo ni yake. Mkodi ametoa ujira, mwenye mali amepokea, na anayekula faida ya mali yake hawezi kuitupa hasara yake yote kwa mwingine.

Mkataba wa kawaida wa gari la kukodi leo unakwenda kinyume na hapo. Gari likigongwa likiwa limeegeshwa, dereva yuko msikitini anasali, na aliyeligonga asijulikane, mara nyingi mkodi ndiye anayelipa kiasi cha kwanza cha hasara kabla bima haijaingia. Tairi, kioo cha mbele na sehemu ya chini ya gari mara nyingi haziguswi na bima kabisa. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, ilisema wazi katika kiwango chake cha ijara, yaani ukodishaji, kwamba mkodi ni mwaminifu asiyedaiwa ila kwa kuvuka mpaka au uzembe, na kwamba gharama ya bima ni ya mwenye mali, ingawa anaweza kuihesabu anapopanga kodi. Hayo ndiyo maoni ya haki. Kampuni inayotaka tahadhari kwa mteja ina haki ya kuidai. Inayotaka mteja abebe ajali ambazo hakuzisababisha inamgeuza mkodi kuwa mdhamini wa biashara yake.

Mteja naye ana njia ya kujitoa kwenye mzigo huo. Analipa nyongeza kila siku, na kampuni inaahidi kutomdai chochote. Wanazuoni wamegawanyika kuhusu bima yenyewe. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah liliikataa bima ya kibiashara mwaka 1985 na kuikubali ya ushirika, ilhali Mustafa al-Zarqa wa Syria alitetea kujuzu kwa hiyo ya kibiashara. Oman ilipata sheria ya takaful, yaani bima ya ushirika ya Kiislamu, mwaka 2016. Mjadala huo ni mzito, lakini kuna jambo lingine linalomgusa kila mkodi, awe Muislamu, Mkristo au asiye na dini: malipo hayo yanabadilisha nini moyoni mwake?

Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofanywa kwenye vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini katika baadhi ya vituo. Kuchelewa kukaongezeka. Aibu ya kumweka mwalimu jioni ilikuwa imepata bei, na mzazi akiishalipa alijiona hana deni tena. Faini ilipoondolewa, uchelewaji haukushuka. Ndivyo inavyokuwa kwa dereva anayeruka matuta kwa kasi na kusema bima ipo. Anaamini amenunua ruhusa, na kumbe alichonunua ni kusamehewa deni na mtu mmoja tu, yaani kampuni.

Kampuni siyo yenye amana peke yake, na hili ndilo wengi husahau. Gari linaporudishwa Ijumaa asubuhi, huenda jioni linachukuliwa na familia nyingine iliyoshuka kwenye ndege, watoto wamelala kiti cha nyuma. Mkodi wa kwanza aligonga jiwe chini ya gari akaona hapavuji kitu. Breki zake zilipata moto mara moja mlimani, kisha zikapoa. Mfanyakazi anayelipokea gari anazunguka na simu, anapiga picha bampa, milango na vioo, anatazama mshale wa mafuta. Hapigi picha kilichotokea kilomita 200 kutoka hapo. Anayekijua ni mmoja, naye anataka kuwahi ndege.

Kampuni nyingi zina sanduku la kudondoshea ufunguo nje ya saa za kazi. Hapo hakuna hata wa kuuliza. Immanuel Kant alishughulika na hali inayofanana na hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1788 kuhusu akili ya matendo. Mtu amewekewa amana, mwenyewe amekufa, wala hakuna maandishi wala shahidi. Kant aliuliza kama inaweza kuwa kanuni ya watu wote kwamba amana isiyo na ushahidi inaweza kukanwa, na akajibu kwamba kanuni hiyo ingejiua yenyewe, maana hakuna ambaye angeweka amana tena. Wacha Mungu hawakuhitaji kumngojea Kant. Kwa Muislamu, ihsani ni kumwabudu Mungu kama unayemwona, na ikiwa humwoni, basi Yeye anakuona. Tofauti ni kwamba kwa Kant kinacholindwa ni kanuni, na kwa mcha Mungu kuna Mwenye kuangalia. Mbele ya sanduku la ufunguo wote wawili wanafanya kitendo kimoja: wanaandika kikaratasi kwamba gari liligonga jiwe, likaguliwe chini.

Je, amana inabaki amana pale kampuni inapolifuatilia gari kwa setilaiti? Magari mengi ya Ghuba, hasa ya zamani kidogo, yana kengele inayolia mwendo ukizidi kilomita 120 kwa saa. Tiki, tiki, tiki, mpaka mguu upungue. Inasaidia, na pengine imeokoa watu. Lakini anayepunguza mwendo kwa ajili ya kengele ameitii kengele, na siku atakayopewa gari lisilo nayo ndipo atakapojulikana.

Mswahili anayetua Muscat ana mtihani wake wa pekee. Oman ina maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wa koo zilizokaa Unguja, Pemba na Mombasa, na waliorejea hasa baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala. Mgeni atakuwa na ndugu Nizwa, atakuwa na ndugu Sur, mji wa majahazi yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Zanzibar. Atakaribishwa, atakula, na wakati wa kuondoka mjomba atanyoosha mkono: "Hebu nipe ufunguo, mwanangu. Njia hizi mie nazijua." Pengine ni kweli anazijua, na kuendesha upande wa kulia kumemchosha mgeni aliyezoea kushoto. Ila jina la mjomba halimo kwenye mkataba, na likitokea la kutokea bima haipo. Kumkatalia mkubwa ni kazi ngumu, na heshima inamvuta mtu kukubali. Heshima ya kweli hapa ni kumpakia mjomba kiti cha mbele aongoze njia, au kupiga simu kampuni aandikishwe. Hawezi mtu kumkirimu mjomba wake kwa mali ya mwingine.

Kuna amana nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wowote, nayo ni nchi yenyewe. Mvua ikinyesha milimani, wadi kavu inaweza kujaa ghafla, hata pale ulipo jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 15 nchini Oman, wakiwamo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa garini huko Samad al-Shan. Kuvuka wadi iliyojaa kwa makusudi ni kosa la jinai nchini humo, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu anayekwama katikati anawalazimisha wenyeji na waokoaji kuingia majini kumfuata. Huko Namibia, ambako wageni wengi huzunguka kwa magari ya kukodi, pwani ya jangwa ina mashamba ya kuvu-mwani yanayokua polepole mno. Gari likipita juu yake mara moja, alama za tairi huonekana kwa miongo. Nyongeza ya bima haifiki huko. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakumkusudia mgeni anayeacha makovu.

Basi msomaji anayejiandaa kwa safari ya namna hii na azisome kurasa za mkataba zinazotaja barabara na madereva kabla ya kutia sahihi, siyo zinazotaja bei tu. Akijua atapanda Jebel Akhdar, akodi tangu mwanzo gari la magurudumu manne, hata likimpunguzia siku mbili za matembezi. Akionewa kwa hasara isiyo yake, adai haki yake bila haya. Na siku ya kurudisha, kabla hajaulizwa, aseme mwenyewe gari limepita wapi na limegonga nini, kwa sababu kuna mtu asiyemjua atakayelichukua jioni hiyohiyo.