Mgeni Anayelipa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa mwambao mzima kila mlango unapofunguliwa kumpokea msafiri, na ndani yake mna kauli kwamba mgeni si mzigo bali ni sababu ya heri: siku aliyofika yeye ndiyo siku ambayo nyumba nzima hula vizuri. Lakini methali haikusema neno juu ya mgeni anayelipa. Je, aliyetoa fedha mkononi akapewa ufunguo bado ni mgeni? Na aliyezipokea fedha hizo bado ni mwenyeji, au ni muuzaji tu, auzaye usingizi kama wengine wauzavyo samaki?

Pahala pazuri pa kulipima swali hili ni Osaka, mji wa Japani uliojulikana kwa biashara tangu zama za kale. Humo zimejaa hoteli za bei nafuu ambazo hazifanani na unafuu wake. Chumba ni kidogo, aghalabu hakizidi mita 15 za mraba, lakini kila kilichomo kimewekwa kwa kufikiriwa. Shuka zimenyooshwa hata hazina kunyanzi. Juu ya kitanda imekunjwa nguo ya kulalia. Mlangoni zimepangwa ndara. Pembeni pana birika ya umeme, vikombe na vipakiti vya chai ya kijani. Bafu na choo vimeundwa kiwandani vikiwa kitu kimoja, ufundi ulioenea baada ya kutumiwa katika hoteli kubwa ya Tokyo iliyojengwa mbiombio ili iiwahi michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Asubuhi huandaliwa wali, supu ya miso na samaki wa kuchoma. Wala mhudumu hatazamii bakshishi. Akipewa, hutahayari na yumkini akairudisha.

Wapenzi wa ushairi hawatastaajabu kuona uzuri umetoshea ndani ya kijumba. Katika mwaka 1212 Kamo no Chomei aliandika habari za kibanda chake cha futi kumi kwa kumi, akakifanya kibanda hicho mizani ya kuupimia ulimwengu. Katika karne ya 16 Sen no Rikyu, bingwa wa sanaa ya chai, alijenga chumba cha mikeka miwili tu, ambacho kingali kimesimama karibu na Kyoto. Tena Wajapani wana msemo kwamba mtu akisimama humtosha nusu mkeka, na akilala humtosha mkeka mmoja. Msanifu Kisho Kurokawa ni kana kwamba aliutii msemo huo neno kwa neno, kwani mwaka 1979 ilifunguliwa huko Osaka, katika mtaa wa Umeda, hoteli aliyoisanifu ambayo vyumba vyake ni visanduku vyenye nafasi ya kulala mtu mmoja, vimepangwa juu kwa chini. Walalaji wake walikuwa aghalabu ni wafanyakazi waliopitwa na treni ya mwisho. Visanduku vya namna hii kwa kawaida havina hata kufuli. Mgeni huteremsha pazia, akaliamini.

Hata hivyo, uzuri si ukarimu. Mtu aweza kulala pazuri asiwe amekaribishwa na yeyote. Katika hoteli nyingi za leo mgeni huandikishwa na mashine, akapewa kadi, akapanda juu bila ya kupiga hodi wala kuitikiwa. Jambo hili lilifikishwa ukomo wake mwaka 2015, ilipofunguliwa karibu na Nagasaki hoteli ambayo wapokezi wake ni maroboti. Kufikia mwaka 2019 zaidi ya nusu ya maroboti hayo yalikuwa yameondolewa, kwa kuwa yalizidisha kazi badala ya kuipunguza. Miongoni mwao alikuwamo mwanasesere wa chumbani aliyedhani mkoromo ni swali, akawa anamwamsha mgeni usiku kumwomba arudie aliyoyasema. Kisa hiki kinachekesha, lakini kina funzo: mashine ile iliweza kumjibu mgeni, haikuweza kutambua kwamba amelala.

Basi mwenye kusema kwamba ukarimu hauuzwi anayo hoja. Lakini kabla ya kumpa ushindi, inafaa kuutazama pia ule ukarimu usiouzwa, kwani nao una bei yake. Mgeni wa nyumbani hulipa kwa kujieleza. Huulizwa: mtoto wa nani, umetoka upande gani, nani unayemjua hapa? Akijibu vyema, mlango hufunguka wote. Akikosa jibu, hufunguka nusu. Uislamu uliweka haki ya mgeni kuwa ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Na kwa kuweka mpaka huo ulimkumbusha mgeni kwamba naye asimdhiki mwenyeji wake. Nao wahenga wakampa jembe siku ya tatu. Anayepokewa bure hubeba deni lisiloandikwa, na deni lisiloandikwa ndilo gumu kulilipa.

Mfano wa hayo ni Matsuo Basho, mshairi aliyesafiri kwa miguu kaskazini mwa Japani mwaka 1689 na kuiacha safari hiyo katika kitabu. Huko Obanazawa alipokewa na mfanyabiashara tajiri ambaye naye alikuwa mtunzi, akakaa siku kadhaa kwa raha. Pengine alilala kwa mlinzi wa mpakani, penye viroboto, na farasi karibu na mto wake wa kulalia. Alikopokewa vizuri alijulikana, na aghalabu alilipa kwa kukaa na wenyeji wake na kutunga nao mashairi ya kupokezana. Fedha yake ilikuwa jina lake. Je, msafiri asiye na jina wala shairi alilala wapi?

Hapa ndipo sheria ya Japani inapoingia katika mjadala huu wa maadili. Sheria ya nyumba za wageni ya mwaka 1948 haimwachii mwenye hoteli uhuru wa kuchagua wageni wake. Imemkataza kumkataa anayeomba malazi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile kukosekana nafasi, maradhi ya kuambukiza, au hofu kwamba mgeni atacheza kamari au kuvunja sheria. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwamba jambo ambalo mila huliomba kwa upole, yaani mgeni asirudishwe, muuzaji wa usingizi ameamriwa kulitenda. Jirani mwema hana amri hiyo juu yake.

Amri hiyo ilipimwa mwaka 2003 katika mkoa wa Kumamoto. Wazee wakaao katika makazi ya watu waliowahi kuugua ukoma walipangiwa safari ya matembezi, na hoteli moja ya chemchemi za maji moto ikawakataa ilipojua ni akina nani. Wazee hao walikwisha kupona zamani. Sheria iliyowatenga ilikuwa imefutwa mwaka 1996, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ilikuwa imeihukumu serikali kwa kuwatenga. Fedha ya malipo ilikuwapo. Kilichokataliwa ni nyuso zao, kwa hoja kwamba wageni wengine wangechukizwa. Serikali ya mkoa iliitia hoteli hatiani kwa kuvunja sheria, na mwaka 2004 ikafungwa. Lakini lililo chungu zaidi ni kwamba wazee wale, walipokataa kuupokea udhuru wa hoteli, waliandikiwa barua za matusi na watu ambao hawakuwa na hoteli wala hasara.

Kisa hiki kinaligeuza swali lililoulizwa mwanzo. Fedha haikuua ukarimu pale. Ukarimu uliuawa na kuchagua nani ni mgeni na nani si mgeni. Bure au kwa bei si mizani ya mwisho. Mizani ni hii: ni nani anayeweza kurudishwa mlangoni? Rikyu alilifahamu jambo hili kwa njia yake. Mlango wa kibanda chake cha chai ulikuwa mdogo hata haukupita mtu ila kwa kuinama na kutambaa, na upanga ulibaki nje. Mkubwa na mdogo waliingia kwa mkao mmoja. Bei nafuu iliyo sawa kwa wote ni mlango mdogo wa namna hiyo: haiulizi ukoo, haiulizi jina la baba, na kwa kumtandikia asiye tajiri shuka zisizo na kunyanzi yasema kwamba naye anastahili kulala pazuri.

Lakini mlango huo nao una kizingiti. Mwaka 2007 serikali ya Japani ilifanya uchunguzi juu ya watu wasio na makazi waliokuwa wakilala katika vibanda vya intaneti vinavyokesha, kwa sababu hata bei ya chini ilikuwa juu kwao. Hao sheria ya kutokataa haikuwafaa kitu, maana hawakufika mlangoni. Nao wenyeji walikuwa na malalamiko yao ya haki: mwaka 2023 sheria ile ilirekebishwa ili mwenye hoteli aweze kumkataa mgeni anayerudia madai yaliyopita kiasi hadi wahudumu wakashindwa kuwahudumia wengine. Mtu akilipa hununua chumba. Hanunui watu wake. Na hapo mgeni wa Osaka na mgeni wa pwani hukutana tena, kwani jembe la siku ya tatu nalo lilisema hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi chumba hurudishwa. Mgeni huacha kadi, huchukua mzigo wake, na mara nyingi mtu aliyeko mapokezi huinama na kumwambia maneno ambayo Wajapani huambiana majumbani mtu atokapo asubuhi: nenda, urudi. Mwenye shaka atasema kwamba maneno hayo yamo ndani ya bei, na hatakuwa amekosea. Lakini aliyeambiwa hakuulizwa ni mtoto wa nani, na ameagwa kama mtoto wa nyumba.