Nani kawamaliza mafundi wa saluni?

Shaabani ni mwezi wa harusi hapa Dar es Salaam, na ndio mwezi ambao wenye saluni hulalamika kuwa mafundi hawapatikani. Mwaka huu malalamiko hayo yameingia nyumbani kwetu. Mpwa wangu, siku tatu kabla ya ndoa yake, alitiwa dawa ya kunyoosha nywele akarudi na utosi uliobabuka.

Nilikwenda kumuuliza mwenye saluni. "Kaka yangu, siku hizi hakuna mafundi, kuna wasichana tu," alinijibu. Nikamgeukia msichana aliyetia dawa. Ana miaka miwili pale. Anafagia, anafua mataulo, anatumwa chai. Dawa inapochanganywa huambiwa atoke. Siku hiyo tajiri wake alizidiwa na wateja, akamwachia.

"Nikimfundisha yote, kesho atafungua ya kwake mtaa wa pili, aondoke na wateja wangu," alisema yule mama.

Hofu hiyo si ya uongo, mambo hayo hutokea. Lakini tuulizane: ni halali kuchukua kazi ya mtu miaka miwili kwa ahadi ya ujuzi, kisha ujuzi wenyewe ukafichwa? Huo ni ujira uliozuiliwa. Tena baadhi ya dawa hizo zina kostiki, ile ile inayotengenezewa sabuni. Kujua ikae kichwani dakika ngapi, na kwamba haitiwi penye kidonda, si siri ya biashara. Ni usalama wa mteja. Mwenye hofu na aandikiane na mwanafunzi wake: muda wa kujifunza, kisha muda wa kumtumikia kwa malipo.

Nilitaka kuendelea kumlaumu, nikamkumbuka binti yangu. Alipomaliza kidato cha nne aliniomba akasomee ususi na urembo VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo kama hayo. Nilimjibu kuwa kazi hiyo ni ya walioshindwa shule. Leo natafuta mwanamke mwenye staha na ujuzi ampambe bibi harusi wetu, simpati. Nitampata wapi, ikiwa wangu nilimzuia mwenyewe?

Mwenye saluni anaficha ujuzi, sisi wazazi tunaudharau, kisha sote tunashangaa mafundi wamekwenda wapi. Yeye nimeshamwambia lake. Langu limebaki kwa binti yangu: kumuomba radhi, na kumuuliza kama bado anataka.

Wabillahi tawfiq.