Masikini Bibi wa Watu

"Masikini, bibi wa watu hakuwahi kuishi." Aliyesema hivyo ni mwenzetu, msomi wa Afrika Mashariki, na alisema kwa Kiswahili mezani pa wafiwa, sahani yake imejaa magimbi na palusami, yale majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito, kazi ya mikono ya wafiwa hao hao. Tulikuwa Auckland, tumetoka kumzika bibi mzaa mama wa mke wangu, mzaliwa wa Savai'i, Samoa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, sema lugha wanayoielewa." Akacheka, akaendelea: dini aliletewa na merikebu, mume alichaguliwa na ukoo, mikeka alisuka akaigawa yote. Chake kiko wapi?

Swali hilo ndilo linaloninyima raha. Ninachouliza ni kwa nini maisha ya marehemu yapimwe kwa kuhesabu alivyojichagulia mwenyewe.

Zipo hoja za haki ambazo angeweza kuzitoa. Katika makanisa mengi ya Kisamoa kiasi kilichotolewa na kila familia husomwa hadharani, na wapo wanaokopa ili wasiaibike, hilo linauma. Angeweza pia kusema kwamba msibani kila marehemu hugeuka malaika. Nakubali, tusonge mbele. Kuhusu mikeka, 'ie toga, yaani mkeka laini wa Kisamoa, haisukwi ili ilaliwe. Heshima yake huiokota njiani, ikipita mikono ya watu arusini na mazikoni, na bibi alijua kila aliyoisuka ilifikia kwa nani.

Lakini mwenzetu aling'ang'ania merikebu. Haya, tuitazame. John Williams wa London Missionary Society alitia nanga Sapapali'i mwaka 1830, akapokewa na Malietoa Vainu'upo, mkuu aliyekuwa na vita vyake na hesabu zake za utawala. Williams hakukaa. Waliobaki vijijini kufundisha walikuwa Wapolinesia wenzao, watu wa Tahiti na visiwa vya jirani. Chuo cha Malua kikafunguliwa 1844, na waliosoma humo wakapanda merikebu wao wenyewe kwenda kuhubiri Tuvalu na Papua New Guinea. Ukifika hapo, nani kamletea nani?

Kisha ikaja meli nyingine. Tarehe 7 Novemba 1918 Talune iliingia Apia kutoka Auckland ikiwa na wagonjwa wa mafua, na utawala wa New Zealand ukawaacha abiria washuke. Katika Samoa ya Magharibi alikufa takriban mtu mmoja kwa kila watano. Samoa ya Marekani, jirani kabisa, iliweka karantini na haikuzika mtu kwa mafua yale. Mama yake bibi alikuwa mtoto aliyesalia. Kama kuna kizazi kilichokuwa na sababu ya kuitupa dini ya wenye meli, ni kile. Hawakuitupa. Waliukataa utawala, wakaingia kwenye vuguvugu la Mau, na Jumapili wakaenda kanisani kama kawaida. Walijua kutenganisha.

Nilipomweleza hayo, akanijibu kwamba hata kubaki kwao kanisani ni utumwa wa akili. Hapo ndipo damu iliponichemka. Bibi akikubali, katawaliwa, akikataa, kazinduka, na anayetoa hukumu hahitaji hata kumsikiliza. Hoja ya namna hiyo haishindwi kamwe, kwa sababu imemfunga mdomo shahidi kabla hajaapa.

Na wanawake wa Samoa wameshazoea kusemewa. Margaret Mead, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikwenda kisiwa cha Ta'ū mwaka 1925, na kitabu chake cha 1928 kuhusu wasichana wa huko kikampa jina duniani. Derek Freeman, mwanaanthropolojia mwenzake, akakishambulia mwaka 1983. Miaka minne baadaye Fa'apua'a Fa'amū, rafiki wa Mead wa ujanani, sasa ajuza, akasema mbele ya kamera kwamba yeye na mwenzake walikuwa wakimtania tu Mead alipowauliza wanafanya nini usiku. Freeman akajenga kitabu kizima juu ya maneno hayo, 1999. Paul Shankman, naye mwanaanthropolojia, akambishia mwaka 2009, na kwa kweli naona Shankman ana hoja nzito. Lakini hebu mfikirie yule mama: Mkristo mzee anatua mzigo wa dhamiri, wasomi wanampokea na kumgeuza kielelezo namba fulani katika kesi yao.

Bibi yetu nilimwona kwenye lotu, sala ya jioni ya nyumbani. Alikaa chini, kakunja miguu, wajukuu wamemzunguka. Mmoja akaiharakisha sala ili awahi televisheni. Akaamriwa aanze upya. Zamu ya bibi ilipofika, kwa mujibu wa mke wangu aliyekuwa akinitafsiria kwa kunong'ona, alimkumbusha Mungu kwamba suala la goti lake lilishafikishwa kwake tangu Pasaka. Kitu cha kuazima hakidaiwi kwa sauti ile.

Basi imani ilikuwa yake. Ila hapo najikuta nimebanwa. Mwanawe mmoja alihamia kwa Wamormoni, na kwa miaka mingi bibi hakula nyumbani kwake. Siwezi kumpa yeye sifa ya ile sala halafu ugumu huu nikawabambikia wamisionari. Mwenzetu, na merikebu yake, ana njia rahisi ya kumsamehe, mimi nimeshajifungia. Huyo mwana, mjomba wa mke wangu, alibeba jeneza la mama yake na hakufungua kinywa wimbo ulipoanzishwa. Baada ya mazishi aliniuliza, mimi mkwe wa kuja, kama nadhani mama yake alilipenda kanisa kuliko yeye. Nilimwambia sijui. Hadi leo sina jibu lingine la kumpa.