Harusi ya Watu Haisubiri Toleo Jipya

Wanangu mnaokesha mbele ya timelaini mpaka adhana ya alfajiri, nisikilizeni kabla hamjabonyeza kitufe cha kusasisha. Kila toleo jipya la programu ya kuhariri video likitoka, kijana mmoja wa YouTube anaapa kwamba kazi zote sasa zitajimaliza zenyewe, na usiku huohuo mabando yenu yanateketea. Asubuhi harusi ya watu iko nusu, plagini ya maandishi haifunguki, na baba wa bibi harusi anapiga simu.

Mwaka 2011 wengi wenu mlikuwa bado watoto. Juni mwaka huo Apple walitoa Final Cut Pro X, na papo hapo wakaliondoa sokoni toleo la 7. Hilo la 7 halikuwa la kubezwa. Miezi michache nyuma filamu ya The Social Network, iliyohaririwa kwa Final Cut, ilikuwa imetwaa Oscar ya uhariri. Hiyo X ilikuwa nyepesi na ya kasi, lakini haikufungua mradi wa 7 hata mmoja. Kuhariri kamera nyingi kwa pamoja hakukuwamo. Watu wa televisheni walipiga kelele mpaka Apple wakarudisha la zamani kwa muda, na kamera nyingi zikarejea Januari 2012. Baadaye X ikawa programu nzuri kweli, wapo wanaoiapia hadi leo. Waliosubiri hawakupungukiwa na kitu. Walioonja joto ya jiwe ni waliorukia siku ya kwanza na kazi za wateja mkononi. Wengine walihamia Premiere ya Adobe kwa hasira, na mwaka 2013 Adobe nao wakatangaza kwamba matoleo mapya ni ya kulipia kila mwezi. Kampuni hizi hazina mjomba.

Mjue pia kwamba njia ya kusasisha ni ya kwenda tu. Premiere mpya ikifungua mradi wa zamani inaugeuza, na ukishausevu huko, toleo la nyuma haliufungui tena. Kwa wanaohariri kwa Resolve, ikitaka kupandisha hifadhidata ya miradi, usikubali kabla hujatoa nakala na kuiweka kwenye diski ya nje. Ukikubali kichwakichwa, kurudi nyuma hakuna. Kwenye Creative Cloud ya Adobe, fungua chaguo za ziada kabla ya kusakinisha. Humo mna kisanduku cha kuondoa matoleo ya zamani. Toa tiki, la zamani likae pamoja na jipya.

Sisemi mng'ang'anie cha kale. Waliokatalia kwenye toleo la 7 nao waligonga ukuta, maana macOS Catalina ya mwaka 2019 ilifuta kabisa programu za biti 32, na hilo lilikuwa mojawapo. Miradi yao ya miaka ikabaki mafaili yasiyofunguka, isipokuwa kwa aliyekuwa ametoa nakala ya XML na video kamili ya kila kazi. Na kama simu au kamera yako mpya inatoa klipu ambazo programu yako haizisomi, hapo huna ubishi, sasisha.

Lakini ukiniambia unasasisha kwa sababu laptopu inakwama, nitakukatalia. Klipu za 4K za H.264 zinaichosha mashine kuzifungua, na mara nyingi toleo jipya linadai memori zaidi ya lile la zamani. Tengeneza proksi, zile nakala nyepesi, hariri kwa hizo, halafu rudisha klipu halisi wakati wa kurenda. Proksi zimo humohumo kwenye programu uliyonayo, bure. (Mwenye kreki simshauri kitu, virusi vitamshauri.)

Subiri marekebisho ya kwanza yatoke. Kisha chukua mradi mmoja uliokwisha, tengeneza nakala yake, uufungue kwenye toleo jipya na kuutazama wote: maandishi, rangi, sauti. Plagini zikiwa salama, mteja ameshapokea kazi na salio limeingia, sasisha hata saa hiyohiyo.