Kiraka Kisichoonekana

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawakusema kama kiraka kionekane ama kifichwe.

Huku Homa Bay, mama akiziba tundu kwenye nyumba ya udongo, huchanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, halafu hupitisha kiganja kufuata alama zile za zamani. Kikishakauka, hutajua kiraka kiko wapi. Kwani amemdanganya nani? Yeye mwenyewe ndiye analala humo.

Lakini kuna nyumba za kupanga ambazo fundi huziba ufa kwa simiti, akausugua ufanane na plasta ya kitambo, rangi ikapakwa kesho yake mpangaji akiingia. Mkono ni uleule, ustadi uleule. Basi ubaya uko wapi?

Jirani zetu wa Migori wana Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala chokaa, na ambazo UNESCO iliziweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Jamii zilizopokezana boma hilo zilizikarabati. Pale, kufuata mtindo wa zamani si urembo tu: jiwe hushikwa na mawe wenzake, na lililopachikwa ovyo huangusha mengine.

Kwa hivyo sioni dhambi katika kufananisha. Dhambi ni kufananisha juu huku ufa ukiendelea chini, na anayelala pale hajui. Ukinipangisha nyumba, ziba mpaka macho yangu yashindwe kuona. Ila niambie ufa ulikuwa wapi.