Mcheza Ugenini Hutunzwa na Nani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo imewafariji wengi waliobaki nyumbani, lakini haisemi lolote juu ya yule aliyebeba gitaa lake akavuka mito na mipaka, akaenda kuwachezea watu wasioujua ukoo wake. Huyo atatunzwa na nani?

Swali hilo hunijia kila redio za hapa Lodwar zinapopiga zilizopendwa, sauti ya Daudi Kabaka ikatoka vibandani sokoni wakati jua la saa nane likichoma mabati. Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kuniuliza, "Mzee, huyu anayeimba ni wa wapi?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikaona jibu refu kuliko safari yenyewe. Kabaka alizaliwa Uganda mwaka 1939, wazazi wake wakiwa Waluhya wa Kenya. Alipata jina Nairobi, akiimba Kiswahili, katika bendi ambayo karibu kila mmoja alikuwa ametoka kwingine.

Bendi hiyo ni Equator Sound Band. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwingereza Charles Worrod aliendesha Equator Sound Studios jijini Nairobi, na studio yake ikawa na bendi ya nyumbani iliyowapigia waimbaji wote waliopita pale. Kiongozi alikuwa Fadhili William, Mtaita, ambaye sauti yake ndiyo iliyoufanya wimbo wa Malaika ujulikane. Alikuwepo Gabriel Omolo, Mjaluo, ambaye baadaye angevuma kwa wimbo wa Lunch Time. Walikuwepo pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi Juma, watu wa Zambia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Na alikuwepo huyo Kabaka. Muziki wao wa twisti ulikuwa na mwendo wa kwela ya kusini mwa Afrika.

Hata upigaji wa gitaa uliowatangulia Nairobi ulikuwa umesafiri. Jean Bosco Mwenda, fundi wa Katanga, Kongo, ambaye mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikuja kufanya kazi Nairobi mwishoni mwa muongo huo. Alisikika redioni, na vijana wa Kenya wakawa wanahangaika kufuatisha vidole vyake. Ukichunguza vizuri, muziki tunaouita wetu, ule unaowaliza wazee tukiupiga Jamhuri Dei, ulitengenezwa na wageni walioelewana kwa Kiswahili mbele ya maikrofoni moja.

Redio ndiyo iliyowapeleka wasikofika kwa miguu. Turkana ya wakati huo ilikuwa pembezoni hasa. Wakoloni waliifanya wilaya ya kufungwa, isiyoingiwa bila kibali, na kwa kuwa ilikuwa mbali na kila kitu, waliwaleta huku watu waliotaka wasahaulike. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa hapa Lodwar hadi mwaka 1961. Baada ya uhuru barabara ilibaki mbovu, na kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa msafara wenye polisi. Lakini usiku, mawimbi ya redio yakitulia, Sauti ya Kenya ilifika bila kuomba kibali kwa yeyote. Ilifika kwa askari kambini, kwa mwalimu aliyetumwa huku akiwa bado hajaoa, kwa mwenye duka aliyeweka betri juani mchana zipate nguvu za jioni.

Tuliokulia karibu na maduka hayo tunakumbuka vipindi vya salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika orodha ndefu ya jamaa na marafiki, mwishoni akamwachia mtangazaji kazi ya kuchagua wimbo. Majina yalisomwa yote. Ungeweza kusikia salamu za mtu wa Voi kwa ndugu yake wa Lokichoggio, baadaye ukamsikia Fadhili William, nawe hujui Voi iko upande gani. Taifa tulilijua hivyo kabla ya kuliona kwenye ramani.

Sasa tunataka kuutunza urithi wa bendi ile, na hapo ndipo tunapopishana. Wengi wakisema kutunza wana maana ya kuweka kabatini. Nakubali kwamba kabati linahitajika. Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music wamefanya kazi kubwa ya kuwatafuta wakongwe na kuandika habari zao, na mradi wao wa mwaka 2008 juu ya chimbuko la muziki wa benga uliokoa mengi yaliyokuwa yanaelekea kaburini na wenyewe. Bila kazi kama hiyo tungebaki na uvumi. Hata hivyo, wimbo ulio kabatini ni kama mbegu ghalani: haujaoza, lakini haujamlisha mtu.

Tazama kilichompata Fadhili William. Malaika iliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, na mwaka 1981 Boney M nao wakaichukua. Dunia nzima iliutunza wimbo huo, lakini mwimbaji wetu aliishi miaka mingi Marekani bila utajiri wowote wa kulingana na umaarufu wa wimbo, akafariki mwaka 2001. Mpaka leo kuna wanaobisha kwamba si yeye aliyeutunga. Kabaka naye alifariki mwaka huohuo. Wimbo wake Helule Helule uliwahi kuchukuliwa na kundi la Uingereza, The Tremeloes, ukaingia katika nyimbo ishirini bora za nchi hiyo mwaka 1968. Muulize kijana wa Lodwar, atakuambia hajui. Wimbo waweza kuishi na mwenye wimbo akasahaulika. Ndiyo maana nasema kupiga tu hakutoshi. Lazima jina lisemwe.

Lakini kuna upande mwingine wa safari za nyimbo, nao hunipa moyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis na mashine ya kurekodia. Huko Kapkatet alikuta wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakimwimba kiumbe aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Aliyeimbwa alikuwa Jimmie Rodgers wa Mississippi, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa kantri, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa. Sauti yake, ikipanda na kushuka kwa namna ambayo koo la kawaida haliwezi, iliwafanya wasikilizaji waone kwamba huyu hawezi kuwa binadamu mtupu. Hawakumsikiliza wakanyamaza. Walimjibu kwa wimbo wao, kwa lugha yao.

Kuna wanaokicheka kisa hicho kama ujinga wa watu wa zamani. Mimi naona ndio usikivu wa kweli. Wasichana wale hawakujifanya Wamarekani, wala hawakumkataa mgeni kwa kuwa ni mgeni. Walimwekea nafasi katika duara lao. Rodgers hakuwahi kukanyaga Kapkatet, lakini huko alitunzwa kwa namna ambayo mashabiki wake wa Nashville wasingeifikiria.

Sisi Waturkana tunalijua jambo hilo pengine kuliko wengine. Edonga, ngoma yetu, haina gitaa wala spika. Ina makofi, miguu na sauti. Mwanamume huingia katikati akamwimba fahali wake, rangi yake na jinsi pembe zilivyopinda, mikono ameiinua juu kuonyesha pembe hizo. Wimbo ni wake, fahali ni wake. Lakini asipoitikiwa hakuna kinachosimama. Waitikiaji ndio wanaoubeba wimbo mpaka ukakamilika, na ndio wanaoondoka nao kwenda vijiji vingine. Katika tamasha la Tobong'u Lore hapa Lodwar nimewaona wageni kutoka Karamoja na kwa Watoposa wa Sudan Kusini wakiingia kwenye duara na kuitikia bila kufundishwa. Hakuna aliyeuliza pasipoti.

Basi jibu la swali langu nimelipata hapo. Mcheza ugenini hutunzwa na anayemwitikia. Kwa kipimo hicho, mrithi halisi wa Equator Sound Band hayuko kwenye hoteli za Nairobi ambako bendi huvaa suti na kunakili nyimbo za zamani noti kwa noti mbele ya watu wanaokula. Yuko kilomita zipatazo 120 kutoka hapa nilipo, Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016, ina watu karibu laki tatu: Wasudan Kusini, Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na wengineo. Jumapili asubuhi pita kwenye makanisa ya Wakongo usikie gitaa. Ukiwa na sikio, utasikia jamaa za vidole vya Mwenda wa Katanga, vimefika tena Kenya, safari hii bila mkataba wa redio. Ukitoka hapo utakutana na kwaya za Wadinka, kaswida, na vijana wanaochana mistari kwa Kiswahili walichojifunzia foleni ya maji. Mwaka 2016 rapa Octopizzo alitoa albamu ya Refugeenius akiwashirikisha wasanii wakimbizi. Wapo waliosikia vipaji vyao hapo kwa mara ya kwanza, ingawa vilikuwa vikilia kila siku.

Sitaki kuipaka Kakuma rangi isiyo yake. Mgao wa chakula ulipokatwa mwaka 2025 watu waliandamana, na tumbo tupu haliimbi. Wenyeji nao wana manung'uniko yao, kwamba mgeni huchimbiwa kisima nao wakibaki kufukua mchanga wa mto Tarach kutafuta maji. Manung'uniko hayo si ya uongo, na wimbo hautayamaliza. Serikali ilizindua Mpango wa Shirika mwaka huohuo wa 2025 ili wakimbizi na wenyeji waishi na kuhudumiwa pamoja, na mpango huo utapimwa kwa maji, shule na kazi.

Hata hivyo, watu wanaotakiwa kuishi pamoja lazima kwanza wasikilizane sauti. Bendi ya studio ilitufundisha hilo miaka sitini iliyopita: Mtaita, Mluhya wa Uganda, Mjaluo na Wazambia hawakungoja kupendana ndipo wapige. Walipiga, na kwa kupiga wakajua nani huingia lini na nani anyamaze lini. Mpiga besi hawezi kumchukia mpiga ngoma mpaka mwisho wa wimbo. Wimbo utaharibika na wote hawatalipwa.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa wenye redio zetu, Akicha ya hapa Lodwar na Ata Nayeche ya Kakuma, na kwa yeyote mwenye maikrofoni katika kaunti hii. Mkipiga zilizopendwa, tajeni majina: mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa, pamoja na walikotoka. Kumtaja Nashil Pichen kuwa Mzambia hakumpunguzii Mkenya kitu. Kunamwongezea kijana wa Kalobeyei sababu ya kuchukua gitaa. Waiteni wazee wa edonga studioni, muwarekodi kwa saa nzima badala ya vile vipande vifupi vya kujazia muda kabla ya taarifa ya habari. Waiteni na wapiga gitaa wa Kikongo, muwaketishe na vijana wa Kiturkana katika chumba kimoja, muwape wimbo mmoja wa Kabaka, kisha muwaache. Wasiuige. Waujibu. Na wanapomaliza, walipwe, hata kama ni kidogo, maana sifa bila malipo ndiyo iliyowazika wakongwe wetu wakiwa na madeni.

Walimu nao wana kazi yao. Kila mwaka shule zetu hujiandaa kwa tamasha la muziki la kitaifa, na watoto hufundishwa kuimba vipande vya Ulaya vya karne zilizopita. Sivikatai, Chemirocha amenifundisha nisimkatae mgeni. Ila mtoto wa Lodwar anayeweza kuimba wimbo wa Mjerumani aliyekufa zamani, na asiweze kumtaja Fadhili William, amefundishwa kuitikia upande mmoja tu.

Rekodi za Chemirocha zilikaa miongo mingi Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Kuanzia mwaka 2014, maktaba hiyo na Ketebul Music waliwarudishia Wakipsigis nakala zake, na wengi wa walioimba walikuwa wamekwisha kufa. Tuna bahati ya kujua kisa hicho mapema. Huenda bendi kubwa ijayo ya nchi hii inapatanisha nyuzi zake sasa hivi Kakuma, ikiwa na watu wa mataifa matano na amplifaya moja ya kuazima. Tusipoiitikia leo, wajukuu wetu wataomba nakala zake kwenye maktaba ya ugenini, na watatuuliza tulikuwa wapi bendi ikipiga mlangoni petu.